Lumeni 20,000 kwenye boksi, mashimo hayaonekani

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi niko Ipuli hapa Tabora, natoka kazini saa tatu usiku na baiskeli, njia yenyewe mchanga na mashimo, taa hakuna. Nimenunua tochi ya kuchaji, boksi limeandikwa mwanga wake lumeni 20,000 na inakaa masaa nane. Nimeifunga kwenye usukani na mpira wa tyubu. Sasa jirani yangu ana ya lumeni 500 tu na inamulika kuliko yangu! Nimeibiwa au ni macho?

JIBU: Macho yako mazima kaka. Fungua hiyo tochi utoe betri. Kama ni ile nene ya duara imeandikwa 18650, nzuri kabisa ya aina hiyo inabeba kama mAh 3,500 (ndo kipimo cha chaji inayobebwa na betri) kwa volti 3.7, yaani wati 13 kwa saa moja basi, imeisha. Taa ya LED nzuri inatoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja, kwahiyo lumeni 20,000 zinataka wati 200, betri yako ingekata ndani ya dakika nne na tochi usingeishika kwa moto wake. Ukitaka masaa nane kweli, gawanya mwenyewe hizo wati 13 kwa nane, ni wati 1.6, unabaki na lumeni 160 hivi. Na betri ikiandikwa mAh 9,900 ndo ujue kabisa hapo hakuna kitu, mimi yangu niliipeleka kwa sonara akaipima kwenye mzani wake wa dhahabu ikaja gramu 31 wakati nzima inacheza kwenye 45, sonara akacheka sana.

Kipimo chenyewe kipo, kinaitwa ANSI FL 1, kilianza Marekani 2009. Kwenye hicho mwanga unapimwa kuanzia sekunde 30 baada ya kuwasha, sio pale inapowaka tu ikiwa na nguvu zote. Ila hata hapo soma vizuri, maana masaa wanahesabu mpaka mwanga ushuke kubaki asilimia 10, na "mita 200" maana yake huko mbele mwanga umebaki kama wa mbalamwezi, shimo hulioni ng'o.

Nyumbani fanya hivi: usiku zima taa chumbani, simamisha tochi iangalie dari, simu yenye app ya kupima luksi (mwanga unaofika pale simu ilipo) iweke chini pembeni, subiri dakika moja usome namba. Halafu ya jirani, palepale, usihamishe kitu. Yako ikisoma nusu ya yake basi unayo 250, kama ile 500 yake ni ya kweli lakini.

Kingine, tochi yenye kidoa kidogo katikati inafika mbali ila pembeni giza, kwa baiskeli inasumbua. Tafuta inayotawanya, halafu inamishe chini kidogo, wa bodaboda wanaokuja mbele nao wana macho.