Anasoma bila kukwama, ila haelewi: mkutubi anajibu wasomaji wa Bukavu

Mama wa maktaba, mwanangu ana miaka 8, yuko darasa la 3 hapa Kadutu. Kifaransa anakisoma vizuri, lakini nikimuuliza amesoma nini, ananyamaza. Nimnunulie kitabu kigumu zaidi ili azoee?

Hapana, mama. Kigumu zaidi kitamzidishia ukimya. Amejua kutoa sauti ya herufi, na hilo si jambo dogo, ila maana haijamfikia. Mpe sentensi hii: *La poule couve ses œufs*. Akishaisoma, funika picha, umuulize kwa Kiswahili kuku anafanya nini. Akikaa kimya, ujue *couve* imepita bila kuacha kitu. Kuku anayelalia mayai anamjua tangu zamani. Hajaambiwa tu kwamba ndiye huyo.

Kifaransa nacho kina ugumu wake. Neno *oiseau* lina herufi 6, na hakuna hata moja inayosikika jinsi mtoto alivyofundishwa, linatamkwa "wazo". Neno *ndege* linaandikwa kama linavyosikika, hivyo mtoto anabaki na nguvu ya kufuata hadithi. Programu ya taifa inataka madarasa 2 ya kwanza yasomeshwe kwa lugha ya taifa, na kwetu ni Kiswahili. Shule nyingi zinairuka hatua hiyo kwa sababu wazazi wanataka kusikia Kifaransa mapema. Haraka hiyo naipinga kabisa.

Tafuta hadithi fupi iliyoandikwa kwa lugha zote mbili. Siku 2 za kwanza msome Kiswahili, siku ya 3 Kifaransa, picha zikiwa zilezile. Dakika 15 kwa siku zinatosha.

Kupima ugumu, fungua kitabu katikati, kwenye ukurasa wa maneno kama 100. Asome kwa sauti, na kila neno asiloelewa akunje kidole. Akikunja kimoja au asikunje, kitabu ni chepesi, asome peke yake. Viwili au vitatu, kinamfaa. Vinne, someni pamoja. Vitano, kingoje. Wazazi wengi hapa wanahesabu maneno ambayo mtoto ameyatamka vibaya. Hesabu yale asiyoyaelewa, hata kama ameyatamka vizuri.

Nafundisha darasa la 2 Bagira, wanafunzi 40, na hatuna kitabu cha hadithi hata kimoja. Nianzie wapi?

Anzia kwenye duka la fotokopi, mwalimu. Tovuti ya African Storybook, iliyoanzia Afrika Kusini, ina hadithi za Kiswahili na za Kifaransa zinazoruhusiwa kuchapwa bure. Chagua zenye sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Utakuta maneno ya Kenya au Tanzania ambayo watoto wako hawayatumii: kitabu kitasema *viazi*, wao wanasema *birayi*. Usilifute neno. Liseme darasani kabla ya kusoma, watoto watakuwa na mawili.

Karatasi 1 ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4, kwa hiyo kijitabu cha kurasa 16 kinahitaji karatasi 4. Kijitabu kimoja kwa watoto wawili ni vijitabu 20, yaani karatasi 80. Karatasi ya nje inabeba ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 nyuma yake. Inayofuata ni 14 na 3, nyuma 4 na 13. Namba mbili za upande mmoja zikijumlishwa lazima zifike 17. Zisipofika, kuna kosa. Mwambie mchapaji ageuze karatasi kwa ukingo mfupi, la sivyo nyuma itatoka kichwa chini. Chapa nakala moja, ikunje, ipitie yote, ndipo uagize nyingine.

Pini za chuma zinashika kutu kwa unyevu wetu na kuchafua karatasi. Shona. Toboa matundu 3 kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita 4 kutoka kila mwisho. Sindano itoke nje kwa tundu la katikati, iingie kwa la juu, ipite ndani hadi la chini, itoke, kisha irudi ndani kwa la katikati. Ncha mbili zikae pande mbili za uzi mrefu wa ndani, ndipo ufunge fundo juu yake. Uzi wa sentimita 60 unatosha.

Binti yangu wa miaka 14 anasoma vitabu vya katuni na hadithi za mapenzi tu. Nimnyang'anye? (Baba, Ibanda)

Usimnyang'anye, baba. Atasoma kwa kujificha, na wewe hutajua anasoma nini. Katuni ina Kifaransa cha watu wanaoongea, ambacho vitabu vya shule vinakitoa kidogo mno. Hadithi za mapenzi ndizo zinazohitaji jicho lako. Soma mwanzo, katikati na sura 2 za mwisho. Ukikuta msichana anayelazimishwa, kisha mwandishi anaiita hali hiyo mapenzi, zungumza naye kuhusu ukurasa huohuo, mkiwa mmeufungua. Halafu mwekee karibu kitabu kingine chenye msichana wa umri wake na jambo zito la kuamua. Kisizidi kurasa 150. Kiache mezani bila hotuba.

Vitabu vyetu vinaota ukungu kila mvua. Tufanye nini?

Kabati likae sentimita 10 mbali na ukuta, rafu ya chini 15 juu ya sakafu, na vitabu visibanane. Kilicholowa usikianike juani, kitajikunja. Weka karatasi nyeupe kila baada ya kurasa 10, usitumie gazeti maana wino wake unahamia, na uzibadilishe kila zinapolowa, mahali penye upepo. Ukungu unaweza kuanza ndani ya siku 2. Kurasa zinazong'aa zitenganishe zikiwa bado mbichi. Zikikauka zimegandana, haziachani tena.