Floti, rilei na pampu ya tangi la samaki

Mkuu, umeuliza kama ile floti ndogo ya plastiki (swichi ya boya) unaweza kuiunga moja kwa moja kwenye waya wa pampu ya 230V, ijaze yenyewe maji yanayopungua kwenye sampu, lile tangi la chini. Usijaribu. Ndani ya shina lake kuna swichi nyembamba ya kioo inayovutwa na sumaku ya boya, na nyingi hazibebi zaidi ya wati 10. Mota ikiwaka huvuta mkondo mkubwa kwa mpigo, kontakti zinagandana, halafu boya lipande lishuke, pampu haijali. Tena umechovya 230V majini.

Floti ipitishe 12V ya adapta tu, kwenda kwenye koili ya rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Rilei ndiyo ikate waya wa moto wa pampu, kwa upande wa NO (ulio wazi koili ikikosa umeme), ili waya wa floti ukikatika pampu izime. Kati ya ncha mbili za koili weka dayodi 1N4007, mstari wake uelekee chanya, la sivyo kila koili inapozimwa cheche itakula floti yako taratibu.

Floti moja haitoshi. Kwa mteja mmoja nilikuta konokono kakaa juu ya boya kalikandamiza chini, pampu inaunguruma, zulia limelowa. Weka ya pili juu kidogo, iunge mfululizo na ya kwanza. Zote mbili zikate boya likipanda.

Ila rilei yenyewe ikigandana, floti zote mbili ni mapambo. Hapo ndoo ambayo pampu inavuta maji ndiyo inakuokoa, maana ikiisha hakuna zaidi. Mimi naweka ya lita 10, na sampu iwe na nafasi ya hizo lita pamoja na maji yanayorudi kutoka tangi la juu umeme ukikatika. Watu wanaounga bomba la mtaani moja kwa moja siwaelewi kabisa.

Na mdomo wa mpira wa kujazia uwe juu ya maji ya sampu na juu ya usawa wa maji ya ndoo. Usipofanya hivyo, pampu itazima lakini maji yataendelea kujivuta yenyewe, na utailaumu rilei bure.

Soketi iwe na RCD ya 30mA (kifaa kinachokata umeme ukivuja), waya ulegee chini yake ili matone yadondokee sakafuni. Ukimaliza, pampu ikiwa inavuta, nyanyua kila floti kwa kidole. Isipozima papo hapo, chomoa plagi kabla hujagusa kitu kingine.