Mleta uzi, mwambie bi mkubwa hayo maji moto asiyaguse

Mkuu acha kwanza kusoma majibu ya watu, mpigie bi mkubwa simu sasa hivi mwambie beseni alimwage. Ukishaongea naye ndo urudi hapa. Habari za dona na sembe zina muda wake, leo jioni hazimuui mtu.

Umeandika kwamba mama yuko Makete, ana kisukari tangu 2019, asubuhi sukari inasoma 11, usiku nyayo zinamuwaka moto halafu mchana zina ganzi, na kwa vile baridi ya mwezi wa sita imekaza mmemnunulia chumvi ya mawe na ule unga wa mizizi awe analoweka miguu kwenye maji moto kila jioni ili damu itembee. Halafu ukauliza ugali gani ale, ndizi vipi, parachichi vipi, ulanzi, ile pombe ya mianzi, kidogo vipi. Wadau wote huko juu wamerukia ndizi. Ndizi! Mtu anaenda kuchemsha miguu ya mzazi wake nyie mnabishana kuhusu ndizi mzuzu na mshare.

Sikiliza. Hiyo ganzi siyo baridi ya Makete imemuingia. Sukari ikikaa juu miaka inaharibu mishipa ya fahamu, na inaanza na ile mirefu kuliko yote, yaani inayoishia vidoleni mwa miguu, ndo inapanda taratibu kuelekea juu. Mshipa wakati unaharibika unapiga kelele, ndo huo moto wa usiku unaomnyima usingizi. Ukishaharibika kabisa unanyamaza, na watu wanasema afadhali siku hizi hauwaki, kumbe hapo ndo pabaya. Mguu umeshakuwa wa mtu mwingine, uko kwako tu kimakazi.

Mimi ni fundi cherehani, nina kisukari pia, niko Uyole, Mbeya, na wanaoijua baridi ya Uyole asubuhi ya mwezi wa saba wanajua nasema nini. Nilianza kugundua nakanyaga pedeli bila kujua mguu upo juu yake au umeteleza, inabidi niiname niangalie ndo nijue. Nikasema uzee huo, nikaendelea kushona. Vidonge nilikuwa nameza vizuri tu, kliniki naenda, na hilo ndo linaniuma mpaka leo maana sikuwa mzembe, nilikuwa mgonjwa mwenye adabu zangu.

Sasa nikawa natoka Makambako kuchukua vitambaa, kwenye basi pale Chimala akapanda jamaa mmoja na begi na picha za laminesheni za miguu iliyooza. Mnawajua. Anaanza na sala, abiria wote wanaitikia amina, halafu anageuka kuwa daktari. Akasema nyie wenye sukari mnadanganywa, nyie hamna sukari, mna sumu, na sumu kwa asili yake inashuka chini, imekaa kwenye nyayo, ndo maana zinawaka. Dawa yake unga wa mizizi, chumvi ya mawe, na maji ya moto "kadiri unavyoweza kuvumilia". Konda kanunua. Mama mmoja nyuma yangu kanunua pakiti za ukoo mzima. Na mimi nikanunua, kwa sababu yule bwana alieleza dalili zangu moja baada ya nyingine mpaka nikahisi kaniotea, kumbe anaeleza dalili za kila mgonjwa wa kisukari nchi hii. Akashuka Igurusi na hela zetu.

Rudia hilo neno, kadiri unavyoweza kuvumilia. Mtu asiyehisi joto anaweza kuvumilia mpaka wapi? Mimi nilivumilia vizuri sana, ningepewa cheti. Nimekaa zangu nashona vifungo, miguu kwenye beseni, binti yangu akaja kuniongezea maji, akaingiza vidole aone kama yamepoa, akaruka na birika mkononi akapiga yowe. Mimi nikamwambia acha deko, mbona ya kawaida. Nilipotoa mguu, kuanzia kwenye kifundo kushuka chini ulikuwa mwekundu na umekatwa mstari kabisa pale maji yalipoishia, na siku iliyofuata chini ya dole gumba na pembeni kwenye kidole cha mwisho yametuna malengelenge yenye maji ya njano.

Na bado hapo nilikuwa sijafanya kosa lenyewe! Kuungua kunatokea. Kosa nililofanya ni kumpigia simu yule bwana badala ya kwenda hospitali. Namba ilikuwa kwenye pakiti. Akapokea kwa upole, mama pole, akaniuliza malengelenge yana maji ya rangi gani, nikasema njano, akacheka kwa furaha kabisa, akasema hongera mama, hiyo ndo sumu inatoka, usiyaguse, usiende hospitali watakukatisha dozi, ongeza joto. Nikaongeza joto. Mtu mzima, nasoma, naandika, napima viuno vya watu kwa futi na sikosei hata nusu inchi, nikarudisha mguu ulioungua kwenye maji ya moto nikiisubiri sumu iishe. Nikaendelea hivyo jioni kwa jioni, mchana navaa soksi nashona, siumwi popote. Hilo ndo la kuogopa mkuu, siumwi. Mtu mwenye mishipa mizima asingeweza hata kulala.

Aliyegundua ni binti, na aligundua kwa pua. Akauliza mama kuna panya kafia chini ya cherehani? Tukahamisha cherehani. Tukahamisha na kabati. Nimecheka sana baadaye, siku ile hakuna aliyecheka, maana nilipovua soksi ilivuka na ngozi.

Hospitali sukari ikasoma 24. Nikabisha, nikasema mimi nameza dawa. Daktari akanieleza kwamba kidonda kikiingiwa na wadudu sukari inapanda yenyewe hata kama unameza, na sukari ikiwa juu wadudu wananawiri na kidonda hakifungi, vinalishana. Wakanihamishia kwenye insulini. Wakasafisha, wakasubiri, wakasafisha tena, mwisho kidole kile cha mwisho kikaondoka. Kimoja tu, na nimeambiwa nina bahati, kuna waliokuwa wodi ile ile wameacha mguu kuanzia chini ya goti na walianza na kitu kidogo kuliko changu, mmoja kokoto ndani ya kiatu. Sasa hivi mjukuu akijifunza kuhesabu kwa vidole vya bibi anakwama tisa, tunaanza upya. Msimu wa sare za Januari ukanipita niko kitandani, wateja wakapeleka vitambaa kwa jirani yangu, na huyo jirani mpaka leo anao na ananisalimia kwa upendo mkubwa.

Yule bwana wa pakiti nilimpigia tena. Namba haipatikani. Natumaini popote alipo anayo afya njema na siku moja tupande basi moja.

Baadaye kliniki nesi mmoja akanipima kitu ambacho ningepimwa miaka ile nisingefika huku. Ana kauzi ka nailoni kwenye kijiti, kanapinda kwa nguvu ya gramu 10 tu, anakuambia fumba macho, anakagusisha kwenye unyayo sehemu mbalimbali mpaka kapinde, wewe unasema "ndiyo" kila ukihisi. Nikafumba macho. Nikasubiri. Nikasubiri tena, nikamwambia sista anza basi. Akaniambia mama nimeshamaliza.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitaisema mpaka mnichoke: MGUU WA MGONJWA WA SUKARI HAUPELEKWI KWENYE JOTO. Joto lolote. Beseni, jiko la mkaa lililowekwa chini ya meza wakati wa baridi, chupa ya maji moto kitandani, tofali lililopashwa moto likafungwa kwenye kanga, ukuta wa jiko la kuni jikoni, hita, boneti ya Coaster pale pembeni ya dereva ambapo wazee wanapenda kukaa wapate joto. Na hapo sijataja ekzosi ya bodaboda.

Kuna mchangiaji huko juu kaandika "maji yakiwa vuguvugu hayana shida". Vuguvugu kwa nani ndugu yangu? Mwenye mguu ndo huyo hajui. Kaongeza eti huku nyanda za juu maji hayachemki sana kwa sababu ya mwinuko. Ni kweli yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100 na ndo maana maharage yetu yanachelewa kuiva, lakini maji ya nyuzi 60 tu yanaunguza ngozi ya binadamu ndani ya sekunde chache, na ngozi haichelewi kuiva kama maharage. Akioga, maji ayapime mtu mwingine kwa kiwiko. Kama yuko peke yake atumie kiwiko chake, kamwe asipime kwa mguu. Na kuloweka ndo hakuna kabisa hata yakiwa ya baridi, ukiloweka ngozi inakauka, inapasuka, yale magaga yanakuwa mlango. Anawe haraka, ajifute mpaka katikati ya vidole pakauke, mafuta apake kisigino na juu, katikati ya vidole asipake.

Sasa atapataje joto Makete? Soksi. Soksi za sufu au pamba nzito zisizobana juu, na mimi kama fundi nawaambia zigeuzeni nje ndani, ule mshono wa kidoleni ndo unaosugua. Viatu vya kufunika mpaka ndani ya nyumba, habari ya kutembea peku aache, na kabla ya kuvaa aingize mkono ndani atafute kokoto au msumari. Blanketi. Atembee. Kila jioni mtu amwangalie nyayo na katikati ya vidole, kama yuko mwenyewe aweke kioo sakafuni. Inachukua muda mfupi kuliko kusoma hii comment yangu.

Kama ameshaloweka na kuna wekundu au lengelenge, mnisikilize vizuri: kama ni sasa hivi kaungua, amwagie maji ya kawaida ya bomba dakika 20, msitumbue, msipake majivu wala dawa ya mswaki wala mafuta, funikeni kwa kitambaa safi na leo leo hospitali. Hata kama haumi. Hasa kama haumi.

Na huo moto wa usiku una dawa zake za hospitali, asikae anateseka. Pia amwambie daktari kama anameza vile vidonge vya sukari vinaitwa metformini miaka yote hii, maana ikitumika muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12 na upungufu huo nao unaleta ganzi, wanaweza wakampima. Hiyo 11 ya asubuhi iko juu, kwa watu wengi wanalenga kati ya 4 na 7 hivi, ikishuka inasaidia mishipa iliyobaki isiendelee kuharibika. Iliyokufa ndo imekufa.

Chakula, ugali wa dona una nyuzinyuzi kuliko sembe lakini mlima wa dona bado ni mlima. Sahani nusu iwe mboga za majani, robo maharage au samaki, robo ugali, basi. Ulanzi sishauri, kwanza na dawa zingine unaweza kumshusha sukari usiku akiwa amelala, na pili mtu akinywa ulanzi na baridi hii anaenda kusinzia wapi? Karibu na moto. Na miguu kaielekeza wapi? Haya.

Mkimpeleka kliniki avue viatu na soksi akiwa bado kwenye benchi nje, aingie kwa daktari peku amebeba viatu mkononi. Hapo tu pekee ndo namruhusu peku. Foleni ni ndefu, daktari ana dakika chache, atauliza presha, atauliza dawa, atajaza kadi, na mguu uliofichwa kwenye soksi hakuna anayeukumbuka. Ukiwa wazi mbele yake hana pa kupita. Na umwambie aulizie kauzi ka nailoni, kama hawana akatafutiwe kwenye hospitali kubwa.