Kebo au dishi: HD yako inapotelea wapi?

Swali: Assalamu alaykum fundi. Naishi Kikwajuni, Unguja. Nimenunua TV ya inchi 43 iliyoandikwa Full HD na natumia kebo. Picha imefifia, na mpira ukianza majani ya uwanja yanakuwa kama yamepakwa rangi. Kaka yangu yuko Wete, ana dishi la sentimita 60. Picha yake kali, lakini mvua ikishuka hakuna kitu. Mimi nihamie dishi au nibaki na kebo? Na yeye afanye nini?

Jawabu: Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Usihame bado. HD inapotea mahali fulani kati ya studio na kioo chako, na mara nyingi mahali hapo ni ndani ya nyumba, nyuma ya TV yenyewe. Ukihama kabla ya kupajua, utalipia dishi na picha itabaki ileile.

Anza na waya unaotoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye TV. Kama ni ule wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, nusu ya swali lako imeshajibika. Waya huo haupitishi HD hata kidogo. Mwisho wake ni picha ya kawaida, nukta 720 kwa 576, yaani laki nne na kidogo. Full HD ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. TV yako inachukua nukta moja na kuitandaza mahali pa tano, ndiyo maana picha inaonekana laini na haina makali. Toa waya huo, tia waya wa HDMI, ule wa kichwa kimoja kipana unaopitisha HD.

HDMI peke yake haitoshi. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, sehemu ya video, utazame imeandikwa nini. King'amuzi kilichowahi kutumika na TV ya zamani kinaweza kuwa kimebaki kwenye 576 mpaka ukibadilishe kwa mkono. Weka 1080i au 1080p, na umbo la picha liwe 16:9. Kisha kwenye TV yenyewe tafuta ukubwa wa picha, uchague ule usiokata wala kuvuta kingo. Mara nyingi umeandikwa Just Scan au Screen Fit.

Ikiwa huna king'amuzi, na kebo inaingia moja kwa moja kwenye TV, kwanza jua kama unapokea analogi au dijitali. Analogi ikidhoofika hutoa chenga na vivuli, lakini picha inaendelea kuonekana. Dijitali haina chenga: huwa nzima, au huganda na kukatika vijiboksi. Kama ni analogi, HD haimo, na TV ya bei yoyote haitaileta. Mwulize mtoa huduma wako kama chaneli zake za dijitali zinahitaji king'amuzi. Kama hazihitaji, na TV yako ina kipokezi cha DVB-C (kile cha kebo ya dijitali), tafuta chaneli upya ukichagua kebo badala ya antena.

Sasa tuje kwenye majani ya uwanja, maana hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote na hakina gharama. Fungua chaneli yenye alama ya HD wakati wa mechi. Kamera ikisimama, tazama majani na namba za migongoni. Kama hata hapo yamefifia, king'amuzi kinatoa picha ya kawaida, au chaneli yenyewe ni ya kawaida iliyokuzwa tu na kubandikwa jina la HD. Lakini kama yako wazi kamera ikisimama, na yanageuka uji kamera inapokimbia na mpira, tatizo ni kasi ya data. Chaneli ya HD kwa mfumo wa kubana picha wa H.264 inataka kiasi cha megabiti 6 hadi 8 kwa sekunde ili mpira uonekane sawasawa. Mtoa huduma akiibana mpaka 3 ili aingize chaneli nyingi zaidi, mtangazaji aliyekaa kitini ataonekana vizuri, ila mpira utaharibika, kwa sababu majani elfu yanayosogea kwa pamoja ndiyo yanayokula data. Hakuna waya wala dishi nyumbani kwako litakalorudisha data iliyotupwa huko juu.

Hapa watu wengi hukosea wanapolinganisha. Kwa uwezo wa njia, kebo na setilaiti zinakaribiana sana: nafasi moja ya kebo ya megahezi 8 kwa mfumo wa kupakia data uitwao 256-QAM hubeba kiasi cha megabiti 50 kwa sekunde, na njia moja ya setilaiti ya megahezi 36 kwa DVB-S2, mfumo wa dijitali wa setilaiti, hubeba takriban hizohizo. Tofauti iko kwenye idadi ya chaneli zinazosongamanishwa humo. Tena kumbuka kuwa chaneli nyingi za nje kituo cha kebo chenyewe huzipokea kwa madishi makubwa, ndipo kikazisambaza mitaani. Kwa hiyo chaneli hiyo ikikufikia kwa kebo itakuwa sawa na ilivyoshuka, au pungufu, kuizidi haiwezi. Faida ya kebo ni utulivu. Dishi la mita 2 au 3 la kituoni linaistahamili mvua ambayo la sentimita 60 juu ya bati haliiwezi.

Kama picha yako inaganda pia, tazama vigawanyio. Kigawanyio cha njia mbili hula desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 3.5 hadi 4 kila upande, cha njia nne 7 hadi 8. Watu huunga kigawanyio juu ya kigawanyio, TV ya sebuleni, ya chumbani, na waya wa jirani, halafu wakailaumu kampuni. Jaribu kuileta kebo moja kwa moja kwenye king'amuzi bila kigawanyio chochote. Ikitulia, umeshampata mwizi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa TV hawalisemi. Kwenye TV ya inchi 43, jicho zima hufaidi nukta zote za Full HD ukikaa kiasi cha mita 1.7. Ukikaa mita 4, upande wa pili wa sebule, tofauti kati ya HD na picha nzuri ya kawaida karibu haionekani. Sogeza kiti, hasa siku ya mpira.

Ukishafanya haya yote na chaneli unazozitaka bado ni uji kamera inapokimbia, hapo dishi lina maana, madhali umeiona chaneli ileile kwa mtu mwenye dishi ikiwa safi. Picha ya kaka yako ni dalili nzuri, ila hakikisheni mnalinganisha chaneli moja.

Kwa Unguja na Pemba, Azam TV hushuka kutoka setilaiti za digrii 7 mashariki. Dishi linaelekea magharibi na kidogo kaskazini, kati ya digrii 278 na 280 kutoka kaskazini halisi, na mawimbi yanashuka kwa mwinuko wa digrii 52 hivi. DStv inatoka digrii 36 mashariki, karibu juu ya utosi wetu: mwinuko ni digrii 82. Kwa hiyo kwa Azam unahitaji upande wa magharibi ulio wazi. Mnazi uliozidi usawa wa dishi kwa mita 10 hauna neno ukiwa mbali zaidi ya mita 8. Ukiwa karibu ya hapo, makuti yakilowa yatakukatia picha. Kama nyumba yako ya ghorofa ina baraza la mashariki tu, usilipe fundi mpaka umepata ruhusa ya kupanda juu ya paa.

Dishi letu la kawaida, lile ambalo mkono wa jicho (LNB, kile kipokezi cha mbele ya dishi) unatokea chini, huonekana limesimama kuliko uelekeo wake wa kweli kwa digrii 25 hivi. Likielekea digrii 52, uso wake utauona kama digrii 27 tu. Usilivute nyuma ukidhani limesimama mno. Na jicho lenyewe kwa digrii 7 mashariki linazungushwa sana, karibu digrii 80 kutoka wima, kwa sababu tuko jirani na ikweta na setilaiti iko mbali upande mmoja. Wanaoliacha wima hupata nguvu nzuri na ubora mbovu. Zungusha polepole, na macho yawe kwenye kipimo cha ubora. Kipimo cha nguvu huhesabu hata kelele (mawimbi yasiyo na picha), kwa hiyo kisikudanganye.

Wasomaji wa Mji Mkongwe wanaopanga kufunga dishi: eneo lenu ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na linasimamiwa na mamlaka ya hifadhi. Ulizeni kwanza kabla ya kutoboa. Na hata mkiruhusiwa, kuta za mawe na chokaa hazishiki bolti za kupanuka kama zege. Upepo wa kusi ukilitikisa dishi, tundu linamomonyoka na dishi linageuka. Afadhali stendi iliyokaliwa na matofali mazito juu ya paa la zege.

Sasa kaka yako wa Wete. Setilaiti zake hutumia masafa ya Ku, gigahezi 10.7 hadi 12.75, na tone la mvua hunywa mawimbi hayo. Dijitali haidhoofiki kidogo kidogo mbele ya macho: inabaki kali mpaka kwenye kikomo, kisha inaanguka yote. Kwa hiyo picha yake kali wakati wa jua haithibitishi kwamba ana akiba ya nguvu ya mawimbi. Akiba ndiyo anayoikosa.

Akitoka sentimita 60 kwenda 90, eneo la dishi linakuwa mara 2.25, na hiyo ni desibeli 3.5 za ziada. Mvua nyingi za vuli zitapita bila kumkatia, ingawa ile ya masika inayofunga hata ng'ambo ya barabara bado itamzimia TV kwa dakika chache. Lakini dishi kubwa huona eneo jembamba zaidi la anga. La sentimita 90 likikosea uelekeo kwa digrii 1 tu hupoteza karibu desibeli 3, yaani faida yote aliyoinunua. Bomba la kusimamishia liwe la mabati, inchi 1.5 hadi 2, na lipimwe kwa timazi pande mbili kabla dishi halijapanda. Bomba likiinama, kila geuzo la kushoto na kulia hubadilisha na mwinuko pia, na fundi atahangaika kutwa nzima.

Kabla hajanunua lolote, afungue kichwa cha waya kwenye jicho. Hewa yetu ina chumvi, na hapo ndipo inapofanyia kazi. Akiona kutu ya kijani kwenye shaba ya kati, au nyuzi za nje zimekuwa nyeusi, maji yameshaingia. Akate waya sentimita 20 kwa 20 mpaka aione shaba inayong'aa. Akifika nusu mita bila kuiona, abadilishe waya wote, atie wa dishi wa aina ya RG6 wenye shaba nzima. Vichwa viwe vya kubanwa kwa koleo, visiwe vya kuzungusha kwa mkono. Afunge tepu ya mpira inayojishika, aanzie kwenye waya kupanda kwenye jicho, na auache waya uning'inie kitanzi chini ya jicho ili maji yadondokee hapo.

Dalili moja ya kutu imfahamishe mapema: king'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwenye jicho ili kuchagua upande wa mawimbi. Kiungo chenye kutu hula volti, 18 ikafika kama 14, na chaneli zote za upande mmoja zikapotea huku nyingine zikiwa nzima, hata siku ya jua kali. Akiona hivyo, kosa si mvua wala si ukubwa wa dishi.

Na mwezi wa Machi, siku chache baada ya tarehe 20, na tena Septemba karibu na tarehe hiyo, picha ya Azam inaweza kukatika kwa dakika kadhaa karibu na saa tisa alasiri, mbingu ikiwa safi. Jua linakuwa limepita nyuma ya setilaiti na kelele yake inaingia kwenye dishi. Asiguse boliti yoyote. Itarudi yenyewe, na baada ya siku chache haitakatika tena.