Kabla hujanunua skana nyingine, tafuta karatasi nyeusi

Mwalimu mmoja wa Chake Chake ameniandikia. Ameskani riwaya ya kurasa 180, toleo la bei nafuu la miaka ya 1980. Kingo zimetoka nyeusi kama zilizoungua, maandishi ya upande wa pili yamepenya, na karibu na mgongo maneno hayasomeki. Anauliza anunue skana gani.

Asinunue. Skana yake inatosha, ila aache kuiambia ifanye kazi ya nyeusi na nyeupe. Karatasi za vitabu hivi zimetokana na mti uliosagwa ukabaki na lignini yake, gundi ya asili ya mti, na lignini ikipata mwanga na hewa hugeuka hudhurungi. Katika hali ya nyeusi na nyeupe, mashine huamua papo hapo kila nukta ni wino au karatasi. Hudhurungi iliyokolea huhesabiwa wino, herufi iliyochapwa hafifu huhesabiwa karatasi, na kilichopotea hapo hakirudi kwa programu yoyote.

Skani kwa rangi, nukta 400 kwa inchi. Ukurasa wa inchi 4 kwa 7 utakula karibu MB 13 kabla ya kubanwa, kwa hiyo kitabu chake kizima kitahitaji kama GB 2.4. Hifadhi kwa TIFF au PNG, kwani JPEG iliyobanwa sana huzungushia kila herufi ukungu wa vijinukta. Kisha fungua picha kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, tenganisha rangi, uchukue chaneli nyekundu peke yake. Hudhurungi huakisi sana mwanga mwekundu, hivyo karatasi hung'aa na wino mweusi hubaki mweusi. Hata mistari ya kalamu nyekundu iliyopigwa na wanafunzi hufifia. Ya kalamu ya bluu itabaki, na hiyo ni ya kufuta kwa mkono.

Sasa maandishi yanayopenya. Watu huongeza mwangaza wa picha mpaka herufi zenyewe zinakatika, na bado kivuli kipo. Dawa ni karatasi ya manila nyeusi, isiyong'aa, iliyokatwa sawa na ukurasa na kuwekwa nyuma ya ukurasa unaoskaniwa. Mwanga hupita kwenye karatasi nyembamba, hugonga weupe wa ukurasa unaofuata na kurudi, na katika safari hiyo ndipo unapochora herufi za upande wa pili. Ukiweka nyeusi, mwanga unamezwa. Ukurasa mzima utaonekana umekuwa kijivu kidogo. Usishtuke, weupe utaurudisha baadaye. Ihamishe kila unapofunua. Ukiisahau kurasa kumi, utazirudia kumi.

Karibu na mgongo, kosa ni la kifaa. Skana nyembamba zinazotumia umeme wa USB mara nyingi zina kihisi cha CIS, ambacho huona vizuri kinachogusa kioo tu. Karatasi ikiinuka milimita chache, herufi zinalainika. Usikandamize! Gundi ya mgongo ikizeeka hukauka na kupasuka, na kurasa zitakutoka mkononi moja moja. Kwa kitabu kama hicho simu ni bora. Laza upande mmoja mezani, upande wa pili uegemee tofali lililofungwa kanga, kitabu kifunguke nyuzi 100 hivi. Marfaa ya msahafu nayo hukishika kwa upole, lakini itabidi uinamishe simu sawasawa na ukurasa. Juu ya ukurasa weka kioo cha milimita 3, kingo zimesuguliwa msasa. Simu iwe juu kiasi cha sentimita 40, imefungwa imara, na upige kwa kuhesabu sekunde 3 ili kidole kisiitikise. Mwanga utoke ubavuni, dirishani au kwa taa mbili za nyuzi 45. Zima flashi na taa ya dari. Kama simu inajiona kwenye kioo, ivishe karatasi nyeusi yenye tundu la kamera tu. Piga kurasa zote za kulia kwanza, kisha geuza kitabu upige za kushoto.

Masika karatasi hujikunja kwa unyevu. Kiweke kitabu chini ya uzito siku mbili tatu, kisianikwe juani wala kupigwa pasi. Ukungu mkavu uondoe kwa brashi laini, nje, umevaa barakoa. Kitambaa chenye maji huufukia ndani ya karatasi.

Ukimaliza, ScanTailor, programu ya bure ya kusafisha kurasa zilizoskaniwa, itagawa kurasa, itanyoosha mistari na kutoa nyeusi na nyeupe kwa nukta 600. Hapo uamuzi ni wako: sogeza kitelezi cha unene mpaka tumbo la "e" libaki wazi. Likijaa, programu ya kusoma herufi itasoma "o". Mstari wake ukikatika, itasoma "c".

Kusoma herufi, yaani kugeuza picha kuwa maandishi, tumia programu ya Tesseract, na uichagulie Kiswahili, msimbo wake swa. Ikiachwa kwenye Kiingereza huyavuta maneno yetu kuelekea maneno inayoyajua yenyewe. Hata hivyo pitia kwa macho "rn" iliyogeuka "m", na "li" iliyogeuka "h", kwani "alikuwa" huweza kutoka "ahkuwa". Zaidi ya yote tafuta kila "ng" katika faili zima. Kitone cha ng' kwenye chapa hafifu ni kidogo kama doa, na ScanTailor ina kisafisha madoa ambacho kikiwekwa kikali hukifagia. Kiweke kwenye kiwango cha chini kabisa, kisha linganisha kurasa tano za mwanzo na kitabu chenyewe kabla hujaendelea.