Maswali ya Wasomaji: Mkojo Unaponyoka Nikikohoa, Nifanyeje?

Hamjambo. Nina mimba ya wiki 26, ya pili. Nikikohoa, au matatu ikirukia tuta, mkojo kidogo unaponyoka. Kliniki waliniambia nikaze misuli ya chini lakini hawakunionyesha. Nimepunguza kunywa maji nisije nikaaibika. – Msomaji, Umoja

Kwanza rudia maji yako, dada. Mkojo mzito wa manjano iliyokolea hukikera kibofu, ukawa unataka kwenda haja kila mara. Kama kuna cha kupunguza, ni chai na kahawa kali.

Misuli uliyoambiwa imetanda kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Ndiyo inayokishikilia kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa. Mimba inapokua uzito wote huo unaielemea, na homoni nazo zinailegeza.

Lala kwa ubavu, magoti umeyakunja. Vuta pumzi, tumbo lilegee. Unapoitoa, kaza njia ya haja kubwa kama unayezuia ushuzi mbele ya watu, endeleza mkazo huo mpaka njia ya mkojo, halafu uvute juu kwa ndani. Shikilia sekunde 3 hadi 5 ukiendelea kupumua. Kisha achilia kabisa, na upumzike kwa muda uleule au zaidi kabla ya kurudia. Kuachilia ni nusu ya zoezi, na ndiko wengi wanakokuruka. Fanya mara 8, mara tatu kwa siku, ukiongeza pole pole hadi sekunde 10. Malizia kila awamu kwa mikazo 10 ya haraka, kaza na kuachia papo hapo. Ukishazoea, fanya ukiwa umekaa, kisha umesimama, maana mkojo hukuponyoka ukiwa wima.

Makosa ni yale yale: kubana makalio na mapaja, kushika pumzi, na baya zaidi, kusukuma chini kama unayekwenda choo. Jikague kwa kioo kidogo cha mkononi. Ukikaza, msamba unapaswa kuvutika kwenda ndani. Ukifura kwenda nje, acha kwanza, utafute mtaalamu wa fiziotherapia. Usifanye mazoezi kwa kukatiza mkojo chooni, kwa kuwa kibofu huenda kisimalizike vizuri.

Ukihisi kikohozi kinakuja, kaza kabla hakijatoka. Ukiliona tuta mbele, vivyo hivyo. Hili huwasaidia wengi mapema, lakini nguvu yenyewe huhitaji angalau miezi 3 ya kufanya kila siku. Usikubali kuambiwa kuwa kulowa ni kawaida ya akina mama. Hutokea kwa wengi, na hutibika.

Nilijifungua kwa upasuaji wiki 5 zilizopita. Nilidhani upasuaji ungeniepusha, lakini bado ninavuja. Mama mkwe ananifunga leso ya kubana sana, tumbo lina mfereji katikati, na maji napandisha hadi ghorofa ya nne. – Msomaji, Pipeline

Upasuaji unaiepusha misuli na kutanuka wakati wa kusukuma, ila miezi ya kubeba mimba imekwisha kuichosha. Mazoezi yaliyoelezwa hapo juu unaruhusiwa kuyafanya tangu mpira wa mkojo utolewe na ukaweza kukojoa vizuri.

Leso ya kuushika mgongo na kidonda haina neno. Ikikubana hadi unapumua kwa shida, shinikizo la tumbo linasukumwa chini, kwenye misuli ile ile tunayotaka ipone. Tafadhali msomee mama mkwe sehemu hii.

Kuhusu mfereji, yaani pengo kati ya misuli ya tumbo iliyoachana, lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, upime kwa vidole juu na chini ya kitovu. Upana wa vidole viwili usikutie hofu. Kwa wengi hupungua katika wiki 8 za kwanza. Ukizidi hapo, au tumbo likichomoza katikati unapoinuka, kaonwe. Kwa sasa usifanye mazoezi ya kuinua kifua ukiwa chali, na kitandani geukia ubavu kwanza ndipo uinuke.

Maji ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi. Mtungi wa lita 20 uliojaa una kilo 20, na wiki 6 za kwanza usiinue kitu kizito kuliko mtoto wako. Mtu mwingine apandishe. Baadaye anza na kibuyu cha lita 5: kisogeze karibu na mwili, kunja magoti, toa pumzi, kaza, ndipo uinue. Kukimbia kusubiri wiki 12, na hata hapo iwe huvuji wala huhisi uzito ukeni.

Nilishonwa msamba, sasa ni miezi 5. Tendo la ndoa linauma, na nikifanya mazoezi ya kukaza maumivu yanazidi. – Msomaji, Kawangware

Basi acha kukaza. Inaelekea misuli yako imekakamaa, si dhaifu, na inachohitaji ni kufundishwa kulegea: pumzi ndefu za tumbo, dakika 5 asubuhi na jioni. Kunyonyesha pia hukausha uke, kwa hiyo tumieni kilainishi cha maji. Mzee asubiri. Kovu likaguliwe, kisha mtaalamu akuonyeshe namna ya kulikanda.

Dada yangu alikaa na uchungu siku mbili. Tangu ajifungue, mkojo unachuruzika usiku na mchana. – Msomaji, Kayole

Hilo si suala la mazoezi. Kichwa cha mtoto kikibana muda mrefu, damu hukatika, nyama hufa na tundu hubaki. Hiyo ni fistula. Ikigunduliwa mapema, tundu dogo huweza kujifunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. La sivyo hushonwa kwa upasuaji. Mpeleke hospitali wiki hii, na useme wazi kwamba mkojo haukatiki.