Kazi ya ofisini, penseli na jukwaa

Ndugu yangu wa Ujiji, umeuliza namna ya kuchora na kuigiza bila kuharibu kazi yako ya ukarani mjini Kigoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Basi omba mapema sehemu ya likizo hiyo iangukie juma la maonyesho, kwa kuwa mazoezi ya mwisho ndiyo yanayochosha kupita yote (mimi niliwahi kusinzia juu ya faili). Kuchora ni kwepesi zaidi: daftari dogo linatosha saa ya chakula, ukikaa mahali unapoiona mitumbwi ya ziwani. Kikundi kiambie waziwazi kwamba utahudhuria jioni mbili tu kwa wiki, na nafasi ya mhusika mkuu mwachie mwenzako mwaka huu.